Uzi: Seti ya waya za amplifaya ya gari kwa bajeti ndogo. Utajuaje kuwa geji 4 ni geji 4 kweli?

#1 SautiNene

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa kuchagua seti ya waya. Amplifaya ni ya chaneli moja, klasi D, wati 500 RMS (za mfululizo) kwenye omu 2, ina fyuzi mbili za ampia 30 ubavuni. Sabufa moja ya inchi 12. Betri iko mbele, amplifaya itakaa buti, njia ya waya ni mita 5.

Seti ni tatu. A: geji 8, boksi limeandikwa wati 1500. B: geji 4, wati 2500, bei inakaribiana sana na A. C: geji 4 OFC (shaba tupu), bei yake kama mara tatu ya B. Zote zina waya nyekundu mita 5, ethi mita 1, waya ya rimoti (ya kuwashia amplifaya kutoka redio), RCA (waya ya sauti kutoka redio), kishikio cha fyuzi na vikorokoro vingine. Naelekea B. Kuna tatizo?

#2 FundiNyaya

Mkuu, kwanza zisahau hizo wati za kwenye boksi. Waya inabeba ampia, na wati 2500 ni namba ya kuuzia tu, hakuna kipimo nyuma yake.

Hesabu yako iko hivi. Wati 500 RMS, klasi D ina ufanisi wa karibu asilimia 80, kwa hiyo amplifaya inavuta wati 625 kutoka kwenye betri. Gawa kwa volti 13.8, injini ikiwa inaunguruma, unapata ampia 45. Ingekuwa klasi AB yenye ufanisi wa asilimia 55 hivi, wati zilezile zingekula ampia 66. Fyuzi zako mbili za 30 zinaonyesha mtengenezaji ameweka ukomo kwenye 60, hivyo 45 inaingia akilini.

Sasa waya. Geji 4 halisi ni milimita za mraba 21. Geji 8 ni 8.4 tu. Ndiyo maana bei ya B kukaribiana na A inatia shaka: geji 4 ina chuma mara mbili na nusu ya geji 8. Mtu hawezi kukupa mzigo mara mbili na nusu kwa bei ileile. Ama zote mbili ni alumini iliyopakwa shaba (ndiyo maana ya zile herufi CCA), ama B ni ganda nene la plastiki lenye waya nyembamba ndani. Mara nyingi ni yote mawili.

Upotevu wa volti kwa ampia 45 kwenye mita 5:

Geji 4 ya shaba tupu: volti 0.18
Geji 4 ya CCA, saizi kamili: 0.29
Geji 8 ya shaba: 0.46
"Geji 4" ya CCA ambayo ndani ni milimita za mraba 10: 0.61
Geji 8 ya CCA: 0.72

Angalia mstari wa nne. Hiyo ndiyo B kwa kadirio langu. Iko chini ya geji 8 ya shaba.

#3 mwangwi

Naomba nitofautiane kidogo, kwa sababu watu wanaogopeshwa bure kuhusu CCA. Upinzani wake ni kama mara 1.55 wa shaba. Basi. Ukichukua CCA ya saizi inayofuata juu, inafanya kazi ileile. Geji 4 ya CCA yenye saizi kamili inakaribiana na geji 6 ya shaba, na ampia 45 zinapita humo bila shida.

Tena tuseme ukweli kuhusu sauti. Ukipoteza volti 0.6 kati ya 13.8, hata amplifaya ambayo nguvu yake hushuka pamoja na volti inapoteza wati asilimia 8 au 9. Kwa desibeli haifiki hata 0.4. Sikio halisikii hiyo. Na muziki si toni moja inayolia mfululizo, wastani wa ampia uko chini sana ya hizo 45, zinafika tu besi inapopiga. Anayesema "badilisha waya besi itaongezeka maradufu" anauza waya.

#4 FundiNyaya

@mwangwi kwenye desibeli uko sahihi na sina ubishi. Ila mimi siogopi desibeli, naogopa fyuzi.

Kwenye boksi la B kuna fyuzi ya ampia 100, kwa sababu wameandika geji 4. Fyuzi kazi yake ni kulinda waya, amplifaya ina zake ubavuni. Ikiwa waya ndani ni milimita za mraba 10 za alumini, fyuzi ya 100 hailindi chochote. Waya ikichunwa na bati pale inapopita ukutani kuingia ndani ya gari, ikagusa bodi kwa kugusa kubaya tu, ampia 90 zinapita. Fyuzi ya 100 inaziangalia, maana fyuzi hubeba namba yake muda wote na huvumilia hata zaidi kidogo kwa dakika kadhaa kabla ya kukatika. Wakati huo ganda limeshaanza kulainika chini ya zulia, na betri iko tayari kuendelea kutoa.

Kwa hiyo CCA yenye saizi ya kweli naikubali. CCA inayodanganya saizi naikataa, hata ukinipa bure.

#5 SautiNene

Nimeelewa. Lakini dukani boksi limefungwa na mwenye duka anasema "hii ni 4 og", yaani orijino. Nitajuaje kabla ya kulipa?

#6 Kipimapembe

Omba kuona ncha. Karibu kila seti ina ncha iliyokatwa inayoonekana, na kama ganda lina rangi inayoonyesha ndani ni rahisi zaidi. Mambo ya kuangalia:

Milimita za mraba kwenye ganda lenyewe, siyo kwenye boksi. Waya inayojiamini imechapwa "21 mm²" au "20 mm²" kila baada ya hatua fulani. Iliyochapwa "4 GA" peke yake, au neno POWER CABLE tu kwa herufi kubwa za dhahabu, haijakuahidi kitu. Kuna hila nyingine hapo: herufi GA bila AWG. AWG ni kipimo chenye ufafanuzi, ukipunguza namba tatu eneo linakuwa maradufu. "GA" kwenye boksi la seti rahisi mara nyingi ni jina tu.

Halafu kipenyo cha shaba, siyo cha waya nzima. Zikusanye nyuzi na uzisokote zibane, pima kwa venia (kipimio cha kubana cha milimita) au hata rula. Geji 4 halisi hukaa karibu milimita 6. Ukipata 4, hiyo ni milimita za mraba 10 kwa kukadiria. Chini ya 5 usiendelee na mazungumzo.

Alumini au shaba: kwangua nyuzi chache kwa ncha ya kisu. Ikiwa nje nyekundu na ndani nyeupe, ni CCA. Ikiwa nje nyeupe na ndani nyekundu, usiikatae, hiyo ni shaba iliyopakwa bati na ni bora kuliko zote kwa unyevunyevu. Watu wengi huchanganya hizi mbili wakarudisha waya nzuri dukani.

#7 Kipimapembe

Nimesahau mzani, na ndio ninaouamini kuliko yote kama una kipande mkononi. Kata sentimita 10, vua ganda lote, pima gramu kwa mzani mdogo wa jikoni. Shaba: gawa gramu kwa 0.9, jibu ni milimita za mraba. CCA ya kawaida: gawa kwa 0.33. Geji 4 ya shaba itakupa gramu 19 hivi, ya CCA gramu 7. Ukipata gramu 3.5 za CCA, waya yako ni milimita za mraba 10 na boksi limekudanganya nusu nzima.

#8 Bolti_10

Kwa asiye na mzani kuna njia ya taa. Chukua balbu ya taa kubwa ya gari ya wati 55, iunge kwenye betri kupitia waya yote ya mita 5. Inavuta ampia 4.5 hivi. Weka multimita kwenye skeli ya milivolti 200, sindano moja kila mwisho wa waya hiyohiyo, gusa chuma chenyewe. Shaba ya geji 4 itasoma karibu milivolti 18. CCA ya saizi kamili 29. Ukiona 60, ndiyo ileile ya mstari wa nne wa FundiNyaya.

Balbu inaunguza, isiguse plastiki wala kidole. Na usijaribu kupima kwa skeli ya omu. Mita ya kawaida haioni milioomu 4, itakusomea upinzani wa sindano zake yenyewe.

#9 mwangwi

@Bolti_10 hiyo ya balbu ni nzuri sana, hata kwa waya iliyokwisha kufungwa kwenye gari.

#10 FundiNyaya

SautiNene, kabla hujakimbilia C kuna njia ya nne. Seti nzima huihitaji. Ndani ya boksi vitu vyenye thamani ni vitatu: waya nyekundu, ethi na kishikio cha fyuzi. Vilivyobaki ni vya kujaza boksi. Waya ya spika waliyokupa ni nyembamba, RCA ni ya kawaida, vibanio vya plastiki vinapatikana popote.

Nenda kwa wauza vifaa vya kuchomelea, ulizia kebo ya welding ya shaba, milimita za mraba 16, mita 6. Hukatwa kwa mita. Nyingi zimechapwa H01N2-D ubavuni, ni shaba yenye nyuzi nyembamba sana, inapinda kama kamba, na saizi yake inaandikwa kwa milimita kwa sababu wachomeleaji hawanunui geji. Kwa ampia 45 na mita 5 inapoteza volti 0.24. Yaani 16 ya shaba ya kweli inaishinda geji 4 ya CCA iliyo kamili. Ukiweza 25, ni zaidi ya geji 4.

Kasoro zake niseme pia. Ganda ni mpira, kwa hiyo upande wa injini ivishe bomba la plastiki lenye mikunjo na uipitishe mbali na ekzosi. Rangi ni nyeusi au chungwa. Funga tepu nyekundu ncha zote mbili ili fundi mwingine asidhani ni ethi. Kama gari ni haibridi, chagua nyeusi, usiweke chungwa kabisa, maana chungwa kwenye magari hayo ni alama ya umeme wa volti nyingi. Na 25 huenda isiingie kwenye tundu la amplifaya yako, pima tundu kwanza. Usikate nyuzi za pembeni ili iingie, tumia terminali ya pini ya kupunguza saizi.

#11 SautiNene

Hiyo sikuwahi kuifikiria. Basi kishikio cha fyuzi ninunue kipi? Cha B kina fyuzi ya kioo, ya mviringo.

#12 Bolti_10

Hiyo ni AGU. Iache. Mguso wake ni kikombe cha bati kinachobana kofia ya fyuzi, na kofia yenyewe imeshikwa kwa risasi ya kuunganishia. Gari linatikisika, mguso unalegea, joto linaongezeka, risasi inalainika. Unakuta sauti inakatika kila besi ikipiga na fyuzi ukiitazama ni nzima. Wengi hapo huanza kufungua amplifaya.

Chukua ANL au ANL ndogo. Ile inafungwa kwa skrubu mbili, chuma kwa chuma. Kipande cha ndani kiwe cha shaba au shaba njano, chenye uzito mkononi. Ukikuta kishikio chepesi kama kifuniko cha chupa, skrubu zake zitakula uzi mara ya pili kukaza.

Fyuzi: jumla ya fyuzi za amplifaya ni 60, waya ya 16 ya shaba inaibeba 60 bila wasiwasi. Weka ANL ya 60. Usiweke 80 "kwa nafasi". Na nunua fyuzi kwa muuzaji unayemwamini, kwa sababu kuna za bandia ambazo hazikatiki pale zilipoandikwa.

Ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45 kutoka terminali. Sehemu ya waya kati ya betri na fyuzi haina mlinzi yeyote, ndiyo maana iwe fupi.

#13 Ukoka

Ninaomba kuongezea upande wa ethi, kwa sababu uzi mzima umeongelea waya nyekundu na nusu ya saketi iko upande mwingine.

Ethi iwe unene uleule wa waya nyekundu. Seti za bei ya chini huweka nyekundu nene na ethi nyembamba, eti kwa sababu ni fupi. Iwe fupi kweli, sentimita 50 ikiwezekana. Chagua bati nene la bodi, siyo kishikizo cha buti cha bati jembamba kilichoshikwa kwa doa mbili za welding. Bolti ya mkanda wa kiti usiiguse, ile imekazwa kwa kipimo chake na ni ya usalama wa mtu. Kabla ya kutoboa popote, chungulia upande wa chini: tangi la mafuta na mabomba ya breki hupita hukohuko nyuma.

Kwangua rangi kwa msasa hadi bati ling'ae, duara pana kuliko terminali. Terminali ikae juu ya bati lenyewe, washa yenye meno juu yake, kaza, kisha paka rangi au grisi juu ya yote kuzuia kutu. Kosa la kawaida ni kuweka terminali juu ya rangi na kutegemea bolti ipitishe umeme. Inapitisha, kwa wiki chache.

Na kwa gari lenye kile kisanduku kidogo cha sensa kwenye terminali hasi ya betri: usipeleke ethi moja kwa moja kwenye nguzo ya betri. Umeme wa amplifaya utaipita sensa bila kuhesabiwa, na kompyuta ya gari itakadiria chaji vibaya. Ifunge kwenye bodi.

#14 SautiNene

Shukrani @Ukoka. Ncha za waya nizibane vipi? Nina chuma cha risasi nyumbani.

#15 FundiNyaya

Risasi iweke kando kwa kazi hii. Kwenye waya nene chuma cha kawaida hakitoi joto la kutosha, risasi inashika juu tu, na pale inapoishia waya inakuwa ngumu na kukatika kwa mtikisiko. Kwenye CCA ni mbaya zaidi, joto na risasi vinaila ile ngozi nyembamba ya shaba na unabaki na alumini isiyoshika risasi.

Bana. Terminali ya pete ya shaba, nene, ya saizi ya waya yako (ya 16 kwa waya ya 16), kwa kibanio cha hydroliki chenye meno ya saizi hiyo. Huhitaji kukinunua, anayetengeneza kebo za betri anacho na atakubania ncha zako kwa dakika mbili. Nyundo na bisibisi siyo kubana. Baada ya hapo vuta kwa nguvu zako zote. Ikitoka mkononi mwako, ingetoka barabarani. Malizia kwa mpira unaosinyaa kwa joto.

Upande wa amplifaya, pale skrubu inapokandamiza nyuzi moja kwa moja, visha ncha kifuko cha shaba kwanza. Skrubu tupu inasaga na kukata nyuzi za nje. Vua ganda kwa urefu wa tundu tu, isionekane shaba nje hata milimita 2, maana nyekundu na ethi ziko jirani hapo.

#16 mwangwi

Kwa wale watakaobaki na CCA: alumini hutambaa chini ya mgandamizo, skrubu uliyokaza leo itakuwa imelegea baada ya wiki mbili tatu. Rudi ukaze. Na ncha ya upande wa betri izibwe vizuri, kwa sababu shaba na alumini vikikutana na maji vinakulana, utaona unga mweupe ukitokea chini ya ganda.

#17 Kipimapembe

Waya ya rimoti na RCA sijaona mtu akizigusa. Rimoti inabeba chini ya nusu ampia, milimita za mraba 0.75 inatosha. Kwenye redio za kununua ni ya bluu yenye mstari mweupe. Ya bluu tupu ni ya antena, na kwenye redio nyingi huzima ukihamia kwenye USB, kisha mtu analalamika amplifaya imekufa.

RCA ya kwenye seti inatosha kwa sabufa. Ipitishe upande wa gari ulio mbali na waya nyekundu. Zikilazimika kukutana, zikatizane kwa pembe mraba. Ule mlio unaopanda na kushuka na injini, mara tisa kwa kumi, chunguza ethi ya amplifaya na ya redio kabla ya kulaumu RCA.

#18 SautiNene

Uamuzi: kebo ya welding 16 mita 6, ANL ya 60, terminali za kubana, RCA na rimoti nje ya seti. Mpangilio wa kufunga nianze wapi, na nikimaliza nitajuaje imekaa sawa?

#19 Bolti_10

Toa terminali hasi ya betri kwanza, na kama redio hudai namba ya siri umeme ukikatwa, iwe nayo tayari. Pitisha waya nyekundu. Pale inapovuka ukuta wa injini tafuta tundu la kiwandani lenye mpira. Ukitoboa jipya, liwe na mpira wake kabla waya haijapita, siyo baada. Kisha ethi, kisha amplifaya, rimoti, RCA, spika. Mwisho kabisa upande wa betri, kishikio kikiwa kimefungwa lakini fyuzi iko mfukoni. Rudisha hasi, halafu ndiyo fyuzi.

Kupima: injini iwake, piga toni ya hezi 50 kwa sauti kubwa unayosikilizia, sekunde chache tu, usiipike sabufa. Mita kwenye volti. Sindano moja nguzo chanya ya betri, nyingine chanya ya amplifaya. Kwa waya yako tarajia 0.25 hadi 0.3 pamoja na viungo vyote. Kisha hasi ya amplifaya hadi nguzo hasi ya betri: 0.1 hadi 0.2. Ukiona upande wa hasi umezidi chanya, ethi yako imekaa juu ya rangi, au ule mkanda wa kiwandani kati ya betri na bodi umechoka. Ukiona chanya imefika 0.6, pima kipande kwa kipande: betri hadi kabla ya fyuzi, juu ya fyuzi yenyewe, fyuzi hadi amplifaya. Kiungo kibovu kitajionyesha, chenyewe kitasoma namba kubwa kuliko mita 5 za waya.

Endesha kwa nusu saa na muziki, simamisha, gusa kishikio cha fyuzi. Uvuguvugu ni sawa. Kikiwa cha moto kuliko waya iliyo pembeni yake, skrubu haijakazwa.

#20 Ukoka

Toni ya hezi 50 ipigwe na milango ya gari wazi na mtu mmoja nje akiangalia taa. Taa zikififia kwa kila besi wakati namba zako za mita ni nzuri, waya haina kosa. Hapo pima volti kwenye nguzo za betri zenyewe. Zikishuka chini ya 13 injini ikiwa hai, zungumza na altaneta.